Bati la Kyerwa na Mchimbaji Asiye Daftarini

Mtazame mwoshaji wa bati. Anajaza karai mchanga uliotoka shimoni, analitikisa majini; mchanga mwepesi unaondoka na maji, chini zinabaki chembe nyeusi, nzito kuliko zinavyoonekana. Bati hili limechimbwa tangu enzi za mkoloni, Kyerwa, mkoani Kagera, ikiwa bado sehemu ya Karagwe, kabla haijawa wilaya mwaka 2012.

Mwoshaji huyu anafanya kazi, na kwenye makaratasi mfanyakazi wa Tanzania ana sauti ya siku nyingi. Sheria ya 1964 ililinda ajira kupitia kamati za wafanyakazi. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ukaleta mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971 ukakemea viongozi wenye jeuri. Wafanyakazi wa viwandani wakaushika kweli kweli, hata wakagoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu.

Yote hayo yanaanza na mwajiri anayejulikana. Kwenye duara, yaani shimo, la mchimbaji mdogo mwajiri ni nani? Mwenye leseni husema hajaajiri mtu, amewaruhusu tu wachimbe, mzigo ukitoka wagawane. Shimo likijaa maji ya masika hakuna anayeachishwa kazi, kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa. Kila mtu anarudi kwenye migomba yake.

Serikali haikukaa kimya. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa 2019, na utaratibu wa nchi za Maziwa Makuu unataka bati lifuatiliwe tangu shimoni hadi linaposafirishwa nje. Sibezi hatua hiyo. Ila mpango huo unajua kilo, mrabaha na mnunuzi. Aliyeshika sururu haumjui.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akiwa mkulima wa kahawa, anajulikana. Kwenye chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, ni mwanachama: anasimama mkutanoni kuhoji makato, anapiga kura. Basi tusianze na baraza la mfano wa kiwanda. Tuanze na daftari la majina kila duara, na mgao ulioandikwa kabla ya kuchimba, pamoja na nani atamtibu aliyeangukiwa na udongo.

Wenye leseni watapinga, na si bure: wengi hawana mtaji wa kulipa mshahara shimo likiwa tupu. Kwa hiyo mazungumzo yaanzie kwenye mgao na matibabu, ya mshahara yafuate baadaye.