Kadi ya Kumbukumbu Inayokataa Kufutwa



Katibu wa chama anapopiga picha za daftari la mapokezi ya mazao, picha hizo huweza kuhifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi huiita memori kadi. Hutokea siku akataka kuifuta au kuifomati ili itumike upya, nayo ikakataa. Afanye nini?

Kwanza, asiilazimishe. Atoe nakala ya picha zote, aziweke katika kompyuta ya chama na kuhakikisha kwamba zinafunguka. Hesabu ya mkulima aliyeteremsha kabichi zake kutoka Mlalo haiandikwi tena kwa kukisia.

Pili, atazame ubavu wa kadi. Kadi kubwa za aina ya SD, pamoja na adapta zinazobeba kadi ndogo za simu, zina kifungo kidogo cha kuteleza. Kikivutwa chini, kadi husomwa lakini haifutwi. Kikisukumwa juu, upande wa vibati vya rangi ya dhahabu, kizuizi huondoka. Kifungo hicho huweza kusogea chenyewe kadi inapoingizwa.

Tatu, ajaribu chombo kingine. Ukungu wa milima yetu ya Usambara huleta unyevu, na vibati vikichafuka vipanguswe kwa kitambaa laini kikavu. Aidha, kadi inayozidi GB 32 kwa kawaida hufomatiwa kwa mtindo wa exFAT, ambao kamera nyingi za zamani haziufahamu. Hapo kosa si la kadi.

Lakini ikiwa picha zilizofutwa zinarudi kila kadi inapochomolewa na kuingizwa tena, kwa kawaida kadi hiyo imechakaa. Sehemu zake za kuhifadhia huvumilia kuandikwa na kufutwa kwa kiasi maalumu tu. Zikichoka, kadi huweza kujifunga isiandikwe tena. Hakuna dawa ya kuaminika.

Hapa ndipo penye hatari. Kadi hiyo haiandikiki, ila bado inasomeka. Majina, namba za simu na malipo ya wanachama yangali humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zilindwe. Kwa hiyo isitupwe jalalani wala isiuzwe. Ni vema ikatwe vipande mbele ya wajumbe wawili wa bodi, na jambo hilo liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Chama kinachotunza fedha za wanachama hakina budi kutunza na siri zao.