Simu nayo iandikwe tarehe ya mwisho

Ukinunua kopo la maziwa ya unga, unaligeuza kwanza kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukinunua dawa ya kikohozi, hali kadhalika. Tarehe ikiwa imepita unairudisha bidhaa, na muuzaji akileta ubishi unajua pa kumpeleka. Lakini ukinunua simu janja kwa shilingi 250,000, hugeuzi boksi kutafuta tarehe, kwa sababu haimo. Na kumbe simu nayo ina siku yake ya mwisho. Mtengenezaji anaijua. Mnunuzi ndiye asiyeijua.

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi mnaonisoma hapa gazetini, juma hili nataka tuizungumze siku hiyo: ni kitu gani hasa kinachokwisha, kwa nini kinakwisha, na sisi tudai nini.

Simu janja ni vitu viwili ndani ya kimoja. Kipo kifaa chenyewe unachokishika mkononi, yaani kioo, betri na vyombo vyake vya ndani. Halafu ipo programu inayokiendesha. Programu hiyo imeandikwa na watu, na kazi ya watu haikosi kasoro. Kila mara wataalamu hugundua matundu mapya ambayo mwizi anaweza kuyapitia akaingia ndani ya simu, mwenyewe asihisi lolote. Tundu likigunduliwa, mtengenezaji hutoa kiraka, nacho hufika kwenye simu kwa njia ya intaneti. Mwaka 2015, kwa mfano, liligunduliwa tundu lililopewa jina la Stagefright katika simu za Android. Ujumbe wa picha uliotumwa kwa namba yako ulitosha kumfungulia mwizi mlango, na ilikadiriwa kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Kuanzia Agosti mwaka huo huo Google ikaanzisha utaratibu wa kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Sasa kiraka hicho kina safari ndefu. Google hukitoa kwanza. Kisha watengenezaji wa ubongo wa simu, kampuni kama Qualcomm na MediaTek, huhakikisha kinapatana na vyombo vyao. Kisha kampuni iliyotengeneza simu yako hukitayarisha kwa kila aina ya simu iliyouza, hukijaribu, ndipo hukituma. Kila hatua ni mshahara wa watu. Kampuni ikishakuuzia simu haina tena cha kukudai, hivyo kila mwaka wa viraka kwake ni gharama, na kila simu mpya ni mapato. Hapo ndipo lilipo jibu la swali kwa nini viraka vinakwisha mapema. Ni hesabu ya biashara zaidi kuliko ugumu wa ufundi.

Ushahidi upo. Simu ya iPhone 5s ilitoka Septemba 2013, na Januari 2023 Apple ilikuwa bado inaitumia kiraka cha usalama. Miaka tisa na ushei! Utasema hiyo ni simu ya wenye nazo. Sawa. Lakini mwaka 2024 Samsung ilitoa Galaxy A16, ambayo ni miongoni mwa simu zake za bei ya chini, ikaiahidi miaka 6 ya viraka. Google iliiahidi simu yake ya Pixel 8, ya mwaka 2023, miaka 7. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Wakati huo huo zipo simu nyingi za bei nafuu zinazopata viraka kwa miaka miwili tu au pungufu, na hizo ndizo zinazojaa katika maduka yetu.

Mtu atauliza, kwani mafundi wetu wamekwenda wapi? Swali zuri. Mimi kwetu ni Tumati, kata ya wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Baiskeli ya Phoenix ikivunjika pedeli kule, fundi ataipatia pedeli nyingine, hata kama kiwanda kilichoiunda kimesahau kwamba kiliwahi kuiunda. Kioo cha simu kikipasuka, fundi simu atakibadilisha. Lakini kiraka cha programu hakishonwi na fundi wa mtaani. Simu imefungwa kwa ufunguo wa siri wa kiwanda, nayo hukubali tu marekebisho yenye saini ya kiwanda hicho. Wapo wataalamu wachache wanaoweza kuifungua simu na kuiwekea mfumo mwingine, lakini si kila simu inakubali, na mara nyingi programu za benki huzikataa simu zilizofanyiwa hivyo. Basi kiwanda kikiacha, kimeacha.

Na hapa ndipo ninapotaka ninyi wa mjini mnisikilize kwa makini, maana simu zenu hazifi. Simu ya mjini ikichoka hupewa mdogo mtu, mdogo mtu akipata nyingine humpelekea mama au shangazi kijijini. Shangazi yangu wa Tumati anatumia simu iliyopita katika mikono miwili kabla ya kumfikia, wa kwanza Arusha, wa pili Babati. Nilipoitazama nikakuta kiraka chake cha mwisho cha usalama ni cha mwaka 2020. Kwa macho yake simu ni nzima. Inapiga, inapokea, inapiga picha. Na humo ndimo anamoweka fedha za vitunguu saumu anavyouza, na ada ya mjukuu anayesoma.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Simu inatoka kiwandani Januari 2023, na imeahidiwa miaka miwili ya viraka. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku simu ilipozinduliwa. Lakini Kariakoo simu hiyo bado inauzwa, mpya, ndani ya boksi lake, mpaka Desemba 2024. Aliyeinunua mwezi huo amelipia simu mpya akapata mwezi mmoja wa ulinzi. Akiitumia miaka mitatu kisha akaipeleka kijijini, shangazi anaipokea ikiwa imeachwa kwa karibu miaka mitatu. Aliyekopeshwa simu naye, anayelipa kidogo kidogo kila siku, anaweza kujikuta bado analipia kitu ambacho mwenyewe alikwisha kukiacha.

Wapo watakaosema kwamba ninatia chumvi. Wanazo hoja, na tuzipime.

Hoja ya kwanza: mwenye simu ya zamani bado anaweza kutuma fedha kwa kubonyeza *150*00# na namba kama hizo, kama afanyavyo mwenye kitochi. Ni kweli. Lakini kitochi cha kawaida hakina programu ngeni za kupakiwa kutoka kila upande, na simu janja inazo. Mwizi akishaingia ndani ya simu janja anaweza kusoma ujumbe wako na kuona unachobonyeza. Ni kweli pia kwamba hakuna kiraka kitakachomzuia mtu kudanganywa na wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Kufuli haliwazuii matapeli wa barabarani, lakini hatuachi kufunga mlango kwa sababu hiyo.

Hoja ya pili: masasisho yenyewe yanakula bando na kuifanya simu kuwa nzito. Hapa wenzetu wana haki, na lazima tutenganishe mambo mawili. Lipo toleo jipya la mfumo, lenye sura mpya na madoido, ambalo huwa kubwa na simu ya zamani hulibeba kwa taabu. Na kipo kiraka cha usalama, ambacho kwa kawaida ni kidogo zaidi. Shangazi hahitaji madoido. Anahitaji kiraka. Tena masasisho yasiwe kisingizio cha kuidhoofisha simu: Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu ambazo betri zake zimechoka, na Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya Euro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja.

Hoja ya tatu: tukidai miaka mingi, bei itapanda na maskini atakosa simu. Huenda gharama kidogo ikaongezeka. Lakini anayelazimika kununua simu mara mbili katika miaka mitano, je, huyo ndiye aliyepata nafuu?

Wenzetu wameanza kuweka sheria. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inamlazimisha mtengenezaji kutangaza muda ambao simu itapata viraka vya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka masasisho yanayotolewa yapatikane bure kwa angalau miaka 5, na miaka hiyo ihesabiwe tangu siku kampuni ilipoacha kuiingiza sokoni aina hiyo ya simu, wala si tangu ilipozinduliwa. Kwangu mimi neno la maana kuliko yote katika sheria hiyo ni hilo la mwanzo wa hesabu. Sheria hiyo inasema masasisho "yanayotolewa", bila kusema yatolewe mangapi, na hapo imeacha mwanya ambao sisi tusiuache.

Je, tunaweza? Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayoidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima, kwa kutumia namba ya utambulisho unayoipata ukibonyeza *#06#. Dola iliyoweza kuzima simu bandia mkononi mwa mwananchi haishindwi kumwuliza mwagizaji wa simu halisi swali moja: viraka vyake vitakwisha lini? Tume ya Ushindani nayo ipo, kwa ajili ya mlaji.

Rai yangu ni fupi. Boksi la kila simu liandikwe, kwa Kiswahili, tarehe ambayo viraka vya usalama vitakoma. Viraka hivyo vitolewe kwa miaka isiyopungua 5, ikihesabiwa tangu simu ya mwisho ya aina hiyo ilipoingizwa nchini. Na isiruhusiwe kuuzwa kama mpya simu ambayo tarehe yake imepita.

Kabla serikali haijafanya hayo, lipo unaloweza kulifanya leo jioni. Fungua sehemu ya mipangilio ya simu yako, ingia palipoandikwa kuhusu simu, tafuta tarehe ya kiraka cha usalama. Dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe tarehe hiyo kabla hujatoa fedha. Na kabla hujampelekea mama simu yako ya zamani, itazame pia. Ukikuta tarehe imepita kwa miaka miwili au zaidi, mnunulie kitochi cha kutunzia fedha zake, na hiyo ya kupangusa aitumie kuangalia picha za wajukuu.