Mchele Ulioisha Kabla ya Hesabu Yake

Ndugu msomaji, mtu aliyezoea kupokea mshahara kila mwisho wa mwezi hajui kibaba cha mchele kinalisha watu wangapi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Nilihudumu miaka 11 katika hoteli moja ya watalii huku Mombasa, na kwa muda wote huo sikupata kumuuliza mke wangu nazi ngapi zakunwa kwa siku. Natoa pesa, nakuta chakula, nasema Alhamdulillahi, basi.

Machi 2020 mambo yakageuka. Tarehe 25 ya mwezi huo ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hoteli isiyo na wageni ni kuta na bustani tu. Tuliambiwa twende majumbani tukangoje kuitwa, na siku za kungoja hazina malipo. Baada ya siku mbili ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, na ule muhogo tuliokuwa tukiletewa na mjomba kutoka shamba Kwale ukabaki huko huko Kwale. Kisha tarehe 6 Mei ikawa zamu yetu wenyewe wa Mji wa Kale: asiingie mtu wala asitoke. Tulikuwa tumo katika kumi la pili la Ramadhani.

Nyumbani tulikuwa watu 8: mimi, mke wangu, mamangu, watoto wanne na mpwa mmoja aliyekuja kusoma. Nilikuwa na akiba kidogo. Fikra yangu ya kwanza, na mpaka leo naiona ilikuwa njema, ilikuwa kununua gunia la kilo 50 kabla bei hazijapanda. Lakini pesa hazikutosha mchele mzuri, kwa hivyo nikanunua chenga. Mke wangu aliponiona nalishusha gunia alichota kidogo, akapepeta kwa kiganja, akasema, "Chenga si neno, bwana. Zataka maji machache na moto mdogo, zisije zikawa uji."

Tarehe 1 Aprili niliketi na daftari. Kilo 1 kwa siku kwa watu 8, mlo mmoja wa wali, mlo wa pili sima. Siku 50. Gunia litafika 20 Mei, na Idd itakuwa mlangoni. Niliipiga mstari hesabu ile kama karani wa forodha.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jikoni kwangu mwenyewe, nami ni mtu mzima. Nilijua kwamba nazi ina tui, lakini sikujua kwamba nyumba inaweza kuishi kwa kasimu. Zamani nazi tatu zilikuwa zikikamuliwa, tui zito likaenda kwenye wali na mchuzi, na lile la pili likatumika kupikia tu. Sasa ilikuwa nazi moja. Tui zito lilikuwa la mboga, maana ndilo linaloifanya pojo au mbaazi ishuke kooni. Wali ukapikwa kwa kasimu na chumvi, na kama hukuambiwa ungekula bila kujua. Gesi ilipokwisha tulirudi kwenye jiko la makaa. Mbaazi zililowekwa tangu usiku ili zisile makaa mengi, na chungu kilipoteremka, birika la chai lilikuwa tayari linangoja moto ule ule.

Samaki ndio waliotusumbua. Wenye kujua bahari watakumbuka kwamba Mei ni kusi, bahari imechafuka na vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hivyo hata mwaka wa neema samaki huadimika. Nguru tulimsahau. Tulikula simu wakipatikana, na mara nyingi ng'onda, kipande kimoja kikirowekwa na kuchambuliwa kwenye mchuzi wa bamia kikawatosha wote kwa harufu ikiwa si kwa nyama. Kwa upande mwingine masika ilikuwa imenyesha, na majani ya kunde na mchicha yalikuwa mengi na rahisi mpaka siku ile mtaa ulipofungwa. Watoto walichoka na mchicha. Mdogo wao akauliza kama korona itakwisha ndipo tule kitu chekundu.

Mwiku pia nauhesabia katika elimu niliyopata. Wenzetu wa bara huuita kiporo. Zamani mimi nilikuwa sili chakula kilicholala, nikijiona mtu wa hoteli. Lakini wali wa jana ukitiwa maji kidogo na pilipili, ukapashwa kwa moto wa kukaliwa, ni daku ambayo haina ila.

Liko jambo moja lililotutia mashaka kuliko njaa yenyewe, nalo ni sahani. Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa: Ramadhani jirani hukuletea futari, na sahani ya mtu hairudi tupu. Miaka yote sisi tulikuwa watu wa kupeleka, sambusa za nyama na kaimati. Mwaka ule tulipoiona sahani ya jirani yaingia, mke wangu alinitazama nami nikamtazama. Turudishe na nini? Na muda wenyewe ulikuwa haba, kwani magharibi ilikuwa kama saa 12 na robo, na saa 1 polisi wako njiani. Kwa hivyo watoto walikuwa wakikimbia na sahani vichochoroni kama mbio za kijiti. Siku ya kwanza tulirudisha ndimu tatu. Siku ya pili sahani yetu ilirudi kwetu na majani ya mnaana. Baada ya hapo mtaa mzima ulifahamu, wala hakuna aliyesema neno: sahani zikawa zapita na kitumbua kimoja, tende nne, uji wa pilipili manga katika kikombe. Ada haikukatika.

Sasa nije kwenye lile gunia. Tarehe 18 Mei mke wangu aliniita, akanikunjulia mdomo wa gunia. Tupu. Nilikwenda kuchukua daftari. Siku 48. Zimepungua siku mbili, na mimi mwenyewe nimekuwa nikikipima kibaba asubuhi kwa macho yangu.

Ndugu msomaji, sina fahari na niliyoyasema usiku ule. Ufukara hauondoi nyama mwilini tu, huingiza mtu hesabu moyoni, akawa awahesabia watu wake matonge. Nilimwambia mke wangu kwamba dadake anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kwamba mimi si mtoto. Hakunijibu. Alikunja gunia mara nne, akaliweka juu ya kabati, akaenda kuwalaza watoto. Mamangu alikuwa ameketi juu ya msala wake akivuta tasbihi, akayasikia yote, naye pia hakusema neno. Siku tano zilizofuata tulikula sima, unga wa kukopa kutoka kwa mwenye duka aliyeniandika kwenye daftari lake pasina kuniuliza nitalipa lini. Mke wangu alinipakulia, akaniletea maji ya kunawa, akanyamaza.

Usiku wa kuamkia Idd, baada ya mwezi kutangazwa, watu wakaanza kupita na fitri zao. Hodi ya kwanza niliitikia mimi mwenyewe. Kijana wa jirani alinipa mfuko wa mchele, akasema, "Mzee amesema pishi mbili, mjomba," akaondoka mbio kabla sijapata la kusema. Nikaja nikapokea mifuko miwili mingine. Mimi, niliyekuwa kila mwaka nikitoa pishi 8, kichwa kwa kichwa, nilisimama ukumbini na mifuko mitatu mikononi nisijue niiweke wapi.

Nilimpigia simu imamu wetu. Misikiti ilikuwa imefungwa, na maswali yote ya dini yalikuwa yamehamia kwenye simu yake, maskini. Nikamuuliza kama mimi wa kupokea nina lazima ya kutoa. Akanijibu taratibu kwamba mizani ni chakula cha usiku ule na mchana wake, kwa nafsi yangu na wale walio juu yangu. Kikizidi, natoa katika kile kilichozidi, hata kama chenyewe nimepewa. Na kama hakiwatoshi wote, nianze na nafsi yangu, kisha mke, kisha watoto wadogo, kisha baba, kisha mama.

Tulipima. Pishi ni vibaba vinne, nasi twaikadiria kilo 2 na nusu. Pishi zilikuwa 5 kwa jumla. Kwa usiku ule na mchana wa Idd, na kwa kuwa ni sikukuu, tuliweka moja. Zikabaki 4: moja yangu, moja ya mke wangu, mbili za watoto wawili wadogo. Hapo zikaisha, na zamu ya mamangu haikufika. Nilimweleza huku nikitazama sakafuni. Ni uzito kumwambia mama aliyekuzaa kwamba sheria imemweka nyuma ya wajukuu na mchele haukumfikia.

Akasema, "Yangu ninayo."

Aliinama chini ya kitanda chake akatoa kopo la maziwa ya unga, la zamani, limefunikwa kwa kitambaa. Lilikuwa limejaa chenga. Kila asubuhi, mke wangu alipokwisha kupima, yeye aliingia na kuchota ukufi mmoja kutoka kwenye gunia. Siku 48, ukufi 48. Tukazipima kwa kibaba mbele ya watoto. Vibaba vinne, na punje chache juu.

Damu ilinipanda kichwani, kisha ikanishuka. Nilimuuliza, "Mama, siku tano twala sima za kukopa, na mchele umo chini ya kitanda?"

"Huo haukuwa wa kula sisi," akasema. "Babako alipokosa kazi bandarini tulifanya vivi hivi. Hakuwahi kupima gunia, yeye."

"Na usiku ule nilipomsema mke wangu?"

Hapo alikaa kitambo. "Hapo nilikosea," akasema. "Nilidhani ukijua utanirudishia chunguni." Kisha akamwita mkaza mwanawe, akamwomba radhi mbele yangu, naye mke wangu akamshika mkono akaubusu, wala mimi hakuniangalia bado. Radhi yangu mimi ilinichukua siku nyingi zaidi, na hiyo haiandikwi gazetini.

Kama pishi ile ilikuwa ya mamangu au yangu, kwa kuwa gunia lilinunuliwa kwa pesa zangu, sikumpigia imamu tena kumuuliza. Nilitia zile pishi 5 katika mifuko mitano, na kabla ya sala, iliyosaliwa majumbani mwaka ule, nikawatuma watoto vichochoroni. Mmoja ulikwenda nyumba ya tatu, kwa dadake mke wangu, ambaye mumewe alikuwa dereva wa watalii na ambaye, kama nilivyokuja kujua asubuhi ile, hakuwa ameonja wali tangu mtaa ulipofungwa. Mfuko huo niliupeleka mimi mwenyewe.