Mtoto, Simu na Picha Chafu

Tunduma ni mji wa mpakani. Wengi wetu tunashinda sokoni au kwenye shughuli za kuvuka kwenda Nakonde, na mtoto anabaki nyumbani na simu. Kwa simu hiyo anaweza kupata marafiki ambao mzazi hawajui.

Madhara ni nini?

Mtoto aliyeona picha za ngono huweza kukosa usingizi, kujawa na aibu, kurudi nyuma katika masomo, au kuiga aliyoyaona kwa wadogo zake. Hatari kubwa zaidi ni mtu mzima anayejifanya rika lake. Huanza na salamu na zawadi ya vocha, kisha huomba picha ya mwili, halafu hutisha kuisambaza asipotumiwa nyingine.

Mzazi afanye nini?

1. Mtoto atumie simu sebuleni. Usiku simu ilale kwa mzazi.

2. Washa utafutaji salama wa Google. Kinga hii hupunguza hatari, haiimalizi.

3. Mfundishe asimtumie mtu yeyote picha ya mwili wake.

4. Akikueleza lililompata, usimpige. Aliyepigwa hasemi tena.

5. Usifute ujumbe wa mtu huyo, ni ushahidi. Picha yenyewe usiisambaze, hata kwa kuomba ushauri. Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116 bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto.

Tulizungumze jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo. Mtoto asikie kwako kabla hajasikia kwa mgeni.