Neno "Kuthibitisha" katika Hati za Viza ya Mwenzi wa Ndoa

Mtu apitaye Mchikichini upande wa Soko la Karume, au azungukaye mitaa ya Kariakoo, hakosi kuona vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi vyenye vibao visemavyo kwamba hapo vyeti huthibitishwa. Vibao hivyo havisemi uongo; ila havielezi ni uthibitisho wa namna gani. Mwanamke ambaye mumewe anaishi Uingereza au Marekani, naye anataka kumfuata, huingia humo na bahasha yenye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya serikali ya mtaa, na pengine hati ya kiapo ieleza­yo kwa nini jina lake limeandikwa kwa namna mbili. Hutoka na mihuri mingi. Baadaye huandikiwa kwamba hati zake hazikuthibitishwa ipasavyo. Kosa hapa, kwa maoni yetu, si lake. Ni la istilahi.

Kitenzi *kuthibitisha* kimebebeshwa kazi zisizofanana. Wakili anapoiweka fotokopi kando ya cheti cha asili, akaona kwamba hazitofautiani, akagonga muhuri, husemwa amethibitisha. Alichokishuhudia ni kulingana kwa karatasi mbili tu. Hakusema kwamba cheti chenyewe ni cha kweli. Swali hilo hujibiwa na mwenye daftari la usajili, yaani RITA kwa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, na kazi hiyo imekwisha kupata jina lake zuri: *uhakiki*. Twapendekeza basi kwamba fotokopi iitwe *nakala iliyothibitishwa*, kama watu walivyozoea, lakini kamwe isiitwe *hati iliyothibitishwa* bila neno *nakala*.

Kiapo ni jambo jingine. Kamishna wa viapo hathibitishi yaliyomo katika hati ya kiapo. *Humwapisha* mwapaji, naye mwapaji ndiye abebaye ukweli au uongo wa maneno yake. Sheria ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna ataje mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mfasiri asiyeona uzito wa mstari ule wa mwisho huuruka, akidhani ni pambo la muhuri, na hati ya kiapo iliyofasiriwa bila mstari huo hugeuka barua ya kawaida. Ugumu huzidi kwa kuwa mtu asiyetaka kuapa huruhusiwa kutamka tu, na baadhi ya waandishi huandika hapo "nathibitisha". Yafaa waandike "natamka kwa dhati".

Vivyo hivyo mthibitishaji wa umma, anaposhuhudia mtu akitia sahihi, *hushuhudia sahihi*. Wizara inayoshughulikia mambo ya nje inapotia muhuri wake juu ya hati itakayotumika ng'ambo, hutambua sahihi na muhuri wa ofisa aliyetangulia. Wengine huita jambo hili *kuhalalisha hati*. Sisi hatulipendi neno hilo, kwa kuwa humfanya msomaji afikiri kwamba hati iliyokuwa na kasoro sasa imekuwa halali. *Utambuzi wa muhuri* latosha.

Tafsiri nayo ina uthibitisho wake, na hapa ndipo fedha za watu hupotea bure. Kanuni ya Marekani yataka mfasiri mwenyewe aandike kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazimudu lugha hizo. Haidai muhuri wa wakili. Uingereza yataka maelezo ya mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi, pamoja na tarehe, jina lake kamili, sahihi yake, na namna ya kumpata. Wakili agongaye muhuri juu ya tafsiri asiyoweza kuisoma ameshuhudia nini? Tamko hilo la mfasiri twaliita *ithibati ya tafsiri*, na twawasihi wafasiri waliandike wao wenyewe.

Lakini mihuri yote ikiwa sawasawa, neno moja laweza kuiharibu kazi. Hivi karibuni tulisoma rasimu ambamo mwombaji aliandikwa "mke mwenza", mwandishi akikusudia mke aliye mwenzi wa mumewe. Kila msemaji wa Kiswahili ajua kwamba mke mwenza ni mke wa pili au wa tatu wa mume huyohuyo. Mfasiri mwaminifu angefasiri hivyo hivyo, na Uingereza, tangu Sheria yake ya Uhamiaji ya 1988, imeweka vizuizi kwa mke wa ndoa ya wake wengi. *Mwenzi wa ndoa* ndiyo istilahi tunayoishauri. *Viza ya mwenza* iachiwe mazungumzo.

Karibu na hilo lipo jambo gumu zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 huitambua ndoa ya mke mmoja na ile ya wake wengi au *inayoweza kuwa* ya wake wengi, na ndoa iliyofungwa Kiislamu huchukuliwa kuwa katika fungu hili la pili mpaka ithibitike vinginevyo. Mfasiri akiandika "ya wake wengi" peke yake, amemwozesha mume mwenye mke mmoja wake asiowajua. Maneno "inayoweza kuwa" hayana budi kufasiriwa kwa ukamilifu. Ikumbukwe pia kwamba mume na mke wakikubaliana waweza kuibadili aina ya ndoa yao kwa tamko la maandishi mbele ya jaji au hakimu. Hati ya tamko hilo ni hati ya mahakama, si hati ya kiapo, na isifasiriwe hivyo.

Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hati za namna hii zinazoandikwa kwanza kwa Kiswahili hazina budi kuongezeka. Walimu wa tafsiri watakaopenda kuyajaribu maneno haya darasani watuandikie ni lipi limekataliwa na wanafunzi wao, hasa *utambuzi wa muhuri*, ambalo hata baina yetu halijakubaliwa na wote.