Kinga ya Kablanketi

Katika masoko ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mnunuzi wa maharage hutaja jina kabla ya kuuliza bei, na mojawapo ya majina yanayotajwa sana ni Kablanketi. Huiva upesi, ladha yake inapendwa, na mfanyabiashara hahangaiki kuiuza. Shambani, hata hivyo, mbegu hii ni dhaifu. Magonjwa mawili huiandama, madoa pembe na virusi vya batobato, na mvua zikiwa nyingi mkulima anaweza kuvuna kidogo sana kuliko alichotarajia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, waliichagua mbegu hiyohiyo kwa kazi ngumu: kuitia kinga bila kuiharibu ile ladha inayoiuza.

Madoa pembe huletwa na ukungu unaopenda unyevu na joto la wastani. Doa lake halitanuki na kuwa duara. Linakua mpaka linagonga mshipa wa jani, linazuiwa hapo, na ndiyo maana linaota kona. Jani likipinduliwa asubuhi ya unyevunyevu, upande wa chini huonekana vinywele vifupi vya kijivu kilichoiva, vimesimama wima ndani ya doa. Ncha za vinywele hivyo ndizo zinazobeba vimbegu vya ukungu, na upepo au matone ya mvua huvisambaza hadi mimea ya jirani. Baadaye majani hupukutika kabla ya wakati na punje husinyaa ndani ya maganda. Ugonjwa ukikolea, hasara imewahi kufikia asilimia 80 ya mavuno.

Chanzo cha udhaifu huo kiko mbali. Maharage yalianza kulimwa Amerika maelfu ya miaka iliyopita, tena mara mbili, katika sehemu mbili tofauti: Mexico na milima ya Andes. Ya Mexico yakawa na punje ndogo, ya Andes punje kubwa. Wareno walipoyaleta Afrika katika karne ya 16 yalikuja ya namna zote, lakini walaji wengi wa Afrika Mashariki wakazipenda punje kubwa. Ukungu nao umegawanyika vivyo hivyo. Kundi moja limezoea kushambulia maharage ya Andes, na kundi la pili, lenye asili ya Mexico na jirani zake, hushambulia ya pande zote. Mkulima wa Mbeya anayepanda punje kubwa anakabiliwa na makundi yote mawili. Kinga ilibidi itafutwe upande wa pili.

Ilipatikana kwa Mexico 54, maharage yenye jeni iitwayo Phg-2 iliyo kwenye kromosomu ya 8. Kwa upande wa virusi waliitumia Rojo, mbegu ya SUA yenyewe iliyotolewa kwa wakulima miaka ya 1990.

Kuchanganya maharage kunahitaji mkono mtulivu. Ua lake hujichavusha lenyewe, na chavua hudondoka kabla halijafunguka, kwa hiyo mtafiti akisubiri lichanue amechelewa. Hulichukua likiwa bado limefumba, akafunua petali kwa kibano chembamba, akang'oa stameni zote kumi, kisha akagusisha ndani yake chavua ya mmea mwingine. Maua mengi hudondoka baada ya kushikwashikwa. Na hata punje zikipatikana, baadhi ya ndoa za Mexico na Andes huzaa miche iliyodumaa kwa sababu jeni za wazazi hazipatani.

Chotara wa kwanza ana nusu tu ya urithi wa Kablanketi. Anarudishwa kwa Kablanketi, na watoto wake vilevile, kizazi baada ya kizazi, hadi sehemu kubwa ya urithi wa mgeni ipotee na jeni ya kinga ibaki. Zamani kila kizazi kilipaswa kupuliziwa ugonjwa ili ionekane nani amepona. Siku hizi kipande cha jani la mche mchanga kinatosha: vinasaba hupimwa maabara na wasiobeba jeni inayotakiwa huachwa mapema. Kazi hii ilipata nguvu zaidi mwaka 2014, wanasayansi walipochapisha mpangilio wa vinasaba vya maharage, kromosomu 11 zenye jeni zipatazo 27,000.

Virusi ni kisa kingine, na pengine ndicho chenye mafunzo makubwa zaidi kwa nchi zetu. Wazalishaji wa mbegu wa ng'ambo wamekuwa wakitegemea jeni moja yenye nguvu, inayojulikana kwa herufi I, kuzuia batobato ya kawaida. Afrika Mashariki ina ndugu yake mkali, virusi vya BCMNV, vinavyoaminika kuwa vya asili ya Afrika. Mmea wenye jeni I ukiambukizwa navyo hujitetea kupita kiasi: mishipa inageuka myeusi, ncha inakufa, na mara nyingi mmea mzima hukauka. Mbegu iliyosifiwa kwingine ikaletwa huku inaweza kufia shambani. Dawa ni kuipa jeni I mwenzake, kama bc-3, ili kinga ifanye kazi bila kumuua mwenye nayo. Jambo hili haliwezi kugunduliwa na mtu asiyejaribu mbegu kwenye udongo wetu na mbele ya vidukari wetu wanaoeneza virusi hivyo.

Baada ya maabara bado kuna mbegu yenyewe. Kwa kuwa maharage hujichavusha, mkulima anaweza kutunza mbegu yake mwenyewe, hivyo kampuni nyingi hazioni faida kubwa ya kuizalisha. Wengi hupanda walichobakiza ghalani au walichonunua sokoni. Hapo virusi na magonjwa mengine kama chule na baka bakteria husafiri ndani ya punje, na punje yenye virusi huweza kuonekana safi kabisa. Ndiyo maana mbegu huchaguliwa shambani, mimea ikiwa bado mibichi, ile yenye majani yaliyokunjamana ikiwekwa kando. Madoa pembe hukaa kwenye masalia ya mimea, kwa hiyo shamba linafaa kupumzishwa maharage misimu kadhaa. Vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, ndivyo vinavyoifikisha mbegu mpya vijijini ambako duka la pembejeo halifiki, na vinastahili kupewa mbegu mama kwa wakati kutoka vituo vya utafiti kama Uyole na Selian, kabla mvua za kupandia hazijaanza.