Kajko na Kokosz: Mashujaa wa Kislavi na Historia Inayochekesha

Mwaka 1972 wasomaji wa Wieczór Wybrzeża, gazeti la jioni la mji wa Gdańsk kaskazini mwa Poland, walikutana na watu wawili waliowajua kwa sura lakini si kwa mavazi. Kwa zaidi ya miaka kumi Kajtek na Koko walikuwa mabaharia wa zama zetu, mmoja mfupi na mwepesi, mwingine pande la mtu, wakizunguka bahari na hata kufika anga za mbali. Sasa mchoraji wao, Janusz Christa, amewavua ubaharia na kuwapa panga za Waslavi wa kale. Majina nayo yamegeuka kidogo: Kajko na Kokosz. Kisa cha kwanza, Złoty puchar, kilihusu kikombe cha dhahabu, na humo ndimo ilimoanzia katuni ya vichekesho inayopendwa kuliko karibu zote zilizowahi kuchorwa Poland.

Hadithi zake zinatokea katika boma la miti liitwalo Mirmiłowo. Mkuu wa boma ni Mirmił, mtu wa huruma, mwoga, mwepesi wa kukata tamaa, ambaye mkewe Lubawa ndiye anayejua nini kifanyike. Kajko hufikiri kabla ya kutenda. Kokosz hula kwanza, kisha hujisifu, kisha hukimbilia kwa Kajko. Msituni anakaa Jaga, mchawi mwema ambaye ni shangazi wa Kokosz, pamoja na mumewe Łamignat, jitu la miraba minne lililowahi kuwa jambazi. Yumo pia Miluś, joka dogo lililolelewa bomani. Na ng'ambo ya pili wamejichimbia Zbójcerze, jeshi la wanyang'anyi wanaojiita mashujaa, chini ya jemadari wao Hegemon. Kazi yao ni moja, kuliteka Mirmiłowo, nao hushindwa kila mara.

Ufundi wa Christa hauwezi kueleweka bila kujua katuni ya gazeti la kila siku inavyofanya kazi. Mchoraji hupewa utepe mmoja wenye visanduku vichache. Ndani yake sharti amkumbushe msomaji kilichotokea jana, amchekeshe leo, na amwachie sababu ya kununua gazeti kesho. Christa alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa rangi nyeusi na nyeupe, mpaka mkono wake ukazoea kusema jambo zima kwa mstari wa bega au kwa mwendo wa mguu. Mtazame Kokosz anapoahidi kupigana: kifua kimetunishwa mbele, lakini visigino tayari vinaelekea nyuma. Msomaji amekwisha kuelewa kabla ya kusoma neno. Kuanzia 1975 alipoingia katika Świat Młodych, gazeti la vijana wa skauti, alipata ukurasa mzima wenye rangi, na mwaka uliofuata likazaliwa jarida la katuni Relax, ambalo nalo lilichapa kazi zake. Hapo akapata nafasi ya misitu, vita vya watu wengi na mandhari pana, lakini ile nidhamu ya utepe haikumtoka. Ndiyo maana albamu zake hazina ukurasa uliolala.

Jambo ninalotaka msomaji alione hasa ni namna Christa alivyoshughulika na wakati. Mirmiłowo ni boma la Waslavi kabla ya Ukristo, maana yake kabla ya mwaka 966, ambapo mtawala Mieszko wa Kwanza alibatizwa. Lakini Zbójcerze wametoka karne nyingine kabisa. Msomaji wa Poland anawatambua mara moja: ni kivuli cha Shirika la Wateutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani walioitwa na Konrad wa Mazovia mwaka 1226 wamsaidie dhidi ya Waprusi wapagani. Wakaja, wakakaa, wakajijengea dola. Mwaka 1308 waliuteka mji wa Gdańsk wenyewe, na nguvu zao hazikuvunjika mpaka vita vya Grunwald mwaka 1410. Christa amechukua karne hizo zote akazibandika katika bonde moja, kana kwamba miaka mia tatu ni uzio wa kuruka.

Ukimsoma kama mwalimu wa historia utasema amekosea. Mimi nasema hapo ndipo penye akili yake. Ni lazima tukumbuke hewa ya nchi ile wakati ule. Historia ya kale ya Poland ilikuwa jambo zito lisilochezewa. Mwaka 1933 huko Biskupin yaligunduliwa mabaki ya makazi ya kale yaliyojengwa kwa magogo, yenye nyumba zaidi ya 100 nyuma ya boma. Wataalamu wa Poland wakayatangaza kuwa ya wahenga wa Waslavi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na Wajerumani kuikalia nchi, kikosi cha utafiti cha SS kikachimba palepale kwa nia ya kuthibitisha kinyume chake. Leo tunajua kuwa magogo yale ni ya karne ya 8 kabla ya Kristo, mapema mno kuweza kuyaita ya Waslavi. Lakini picha ya boma la miti lenye lango na njia za magogo iliingia vichwani mwa watoto wa shule, na haikutoka. Baada ya vita yakaja maadhimisho ya miaka elfu moja ya dola ya Poland, yaliyofikia kilele 1966. Mwaka 1960 filamu ya Aleksander Ford, Krzyżacy, iliwaonyesha mamilioni ya watazamaji Wateutoni wakianguka Grunwald. Wahenga walikuwa mashujaa wa mawe, na adui alikuwa mkatili wa kutisha.

Katikati ya uzito huo anatokea Christa na mkuu wa boma anayelia, shujaa anayefikiria kuku wa kuchoma, na jeshi la kutisha ambalo askari wake mmoja anaitwa Oferma na kweli hana analoliweza. Hakuwatukana wahenga. Aliwarudishia ubinadamu. Hegemon hashindwi kwa sababu Waslavi ni taifa teule. Anashindwa kwa sababu amri zake hazijali ukweli, wasaidizi wake wanaogopa kumwambia lolote, na kila mpango wake unategemea adui awe mjinga kama anavyomdhani. Katika nchi iliyokuwa na idara ya kukagua kila kilichochapwa, sitashangaa kama wasomaji wazima walisikia humo zaidi ya yaliyoandikwa.

Kuhusu Waslavi wenyewe wa zama hizo, maandishi yao hatuna. Tunategemea wageni. Mmoja ni Ibrahim ibn Yaqub, msafiri kutoka Andalusi ambaye miaka ya 960 alieleza kwa Kiarabu juu ya nchi ya Mieszko na askari wake 3,000 wenye deraya. Mwingine anatuhusu sisi wa pwani kwa karibu zaidi: al-Masudi, yuleyule aliyesafiri bahari ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10 na kutuachia habari za wahenga wa Afrika Mashariki. Katika kitabu hichohicho, Muruj adh-dhahab, ana maelezo juu ya Waslavi na mahekalu yao. Chanzo kikiwa chembamba hivyo, uwanja wa kubuni ni mpana, na Christa aliutumia bila kujifanya mwanahistoria.

Swali linaloulizwa daima ni la Asterix. Kijiji kidogo, rafiki mfupi na rafiki mnene, dola kubwa jirani: kufanana kupo na hakuna haja ya kukukana. Lakini mabaharia Kajtek na Koko walianza kuchapwa 1958, mwaka mmoja kabla ya Asterix kutoka Ufaransa mwaka 1959. Umbo la marafiki wawili wasiolingana lilikuwa la Christa tangu ubaharia, na historia ilikuja baadaye. Tofauti iliyo kubwa zaidi imo ndani ya hadithi. Kijiji cha Asterix kina dawa ya nguvu, kwa hiyo ushindi wake hauna shaka. Mirmiłowo halina kinga ya aina hiyo. Uchawi wa Jaga husaidia siku moja na kuharibu siku ya pili, na mara nyingi boma huokolewa na akili ya Kajko au na subira ya Lubawa. Kwa sababu hiyo katuni hii ina wasiwasi wa kweli ndani ya kicheko, na kwangu huo ni ubora.

Albamu inayoonyesha haya yote ni Szkoła latania, ambamo Mirmił anataka kuruka angani na safari inaelekea shule ya wachawi huko Łysa Góra. Mlima huo upo kweli, katikati mwa Poland. Simulizi za watu ziliwaweka wachawi kileleni pake, na kuna masalia ya ukuta wa mawe wa kale. Mtaala wa mwaka 2017 ulikiingiza kitabu hicho katika orodha ya usomaji wa shule za msingi, heshima ambayo katuni chache hupata popote duniani.

Christa, aliyezaliwa Wilno mwaka 1934, alifariki Sopot mwaka 2008. Tangu 2016 wachoraji na waandishi wengine wameendeleza visa vipya, na mwaka 2021 Netflix ilionyesha mfululizo wa katuni hai. Nimeziona kazi hizo kwa furaha, ila mstari wa Christa mwenyewe haujapata mrithi. Anayetaka kuijua katuni hii aanze na Szkoła latania, asome taratibu, na atazame miguu ya Kokosz kabla hajasoma maneno yake.